Uholanzi, Ujerumani au Italia? Ulinganisho kwa mwendesha baiskeli wa Tanga anayehamia Ulaya

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, vijana wanaotoka alfajiri kufanya mazoezi kwenye lami ya Horohoro wananiuliza swali moja mara kwa mara: nikipata nafasi ya kusoma au kufanya kazi Ulaya, niende nchi gani ili baiskeli nisiiache? Wanaouliza hawatafuti mikataba ya kulipwa. Ni nesi, mwalimu, fundi umeme, binti aliyemaliza diploma; watu wenye shughuli zao ambao baiskeli ya mbio ndiyo inayowapumzisha.

Nimeishi huko na nimerudi, na kila mara naanza na ombi hili: usichague nchi kwa picha za milima. Milima utaiona Jumapili, tena si kila Jumapili. Kitakachoamua kama utaendelea kuendesha ni Jumatano. Umetoka kazini umechoka, una saa moja na nusu tu, kesho unaamka mapema. Je, ipo barabara unayoweza kuishika kuanzia mlangoni kwako? Yupo mtu wa kutoka naye? Makaratasi yako yametulia kiasi cha kukuacha upumue? Nimeona watu wenye mapafu ya kupanda Lushoto bila kushuka wakiitundika baiskeli ukutani mwaka mzima kwa sababu Jumatano yao ilikuwa mbovu.

Nalinganisha nchi tatu zinazoulizwa zaidi: Uholanzi, Ujerumani na Italia. Ubelgiji nitaigusa pembeni.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni barabara yenyewe: usalama, sheria, na tabia ya wenye magari. Cha pili ni ardhi na hewa, yaani vilima, upepo, baridi na giza. Cha tatu ni watu wa kuendesha nao. Cha nne ni makaratasi, nyumba na hela, kwa sababu mgeni asiye na namba ya usajili wala chumba hana muda wa kupaka cheni mafuta. Cha tano ni siku ya kawaida: lugha, swala, chakula, upweke.

Mimi cha kwanza na cha nne nakipa uzito mkubwa kuliko vingine. Wewe unaweza kupima kwa namna yako, na mwishoni nimejaribu kupanga ushauri kulingana na hali ya mtu.

Barabara

Sisi tumezoea kujitetea. Ukisikia honi ya basi nyuma yako kati ya Pongwe na Muheza, unashuka kwenye changarawe bila kubishana. Nchi zote tatu ziko mbali na hali hiyo, ila kila moja kwa namna yake.

Uholanzi imemtengea mwendesha baiskeli njia yake. Njia hizo mara nyingi ni za lami nyekundu, zimetenganishwa na magari, zina taa zake na vibao vyake, na zinafika hadi vijijini. Baiskeli ni nyingi kuliko watu; maegesho ya baiskeli ya stesheni ya Utrecht peke yake yanaingiza 12,500. Sheria nayo iko upande wako. Gari likigongana na baiskeli, dereva ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa na namna ya kuepuka, na hata mwendesha baiskeli mtu mzima akiwa na kosa lake, kwa kawaida bima ya gari hulipa angalau nusu ya hasara. Kwa mtu aliyejifunza kuendesha huku akitazama nyuma kila dakika, utulivu huo unashangaza wiki za mwanzo.

Lakini mwenye baiskeli ya mbio ana kero zake humo. Ukiona kibao cha duara cha bluu chenye baiskeli nyeupe, lazima upite njia hiyo, hata kama unakwenda kilomita 35 kwa saa. Na njia hiyo si yako peke yako: yumo bibi anayetoka sokoni, wamo wanafunzi wanne waliojipanga safu moja wakipiga soga, kimo kipikipiki kidogo. Kuna pia vigingi vilivyosimikwa katikati ya njia kuzuia magari yasiingie. Ukiwa wa nne kwenye msafara, kigingi hukioni mpaka kiko mbele ya tairi. Ndiyo maana aliye mbele hupaza sauti "paaltje!", na kila mmoja nyuma yake hurudia neno hilo hadi wa mwisho. Akija mtu kwa mbele utasikia "tegen!". Jifunze maneno hayo mawili kabla ya salamu.

Ujerumani iko katikati. Ipo miji yenye njia nzuri, na ipo yenye njia nyembamba kando ya barabara ambazo mizizi ya miti imezipasua. Kanuni ya kibao cha bluu ipo pia, lakini mahali pengi nje ya mji unaendesha barabarani pamoja na magari. Tangu 2020 sheria inamtaka dereva aache nafasi ya mita 1.5 anapokupita ndani ya mji na mita 2 nje ya mji. Wengi wanaifuata, ingawa wapo wanaopiga honi kukuonyesha kwamba kuna njia pembeni. Uzuri mkubwa wa Ujerumani ni barabara ndogo za mashambani na misituni, zenye lami safi na magari machache sana, zinazounganisha kijiji na kijiji. Nje ya miji mikubwa, dakika 15 zinatosha kukufikisha kwenye barabara ya namna hiyo.

Italia ndiyo itakayokukumbusha nyumbani. Njia za baiskeli zipo, hasa kwenye miji ya kaskazini kama Ferrara na Bolzano, lakini mwendesha baiskeli ya mbio maisha yake ni barabarani na magari. Madereva wanapita karibu. Sheria ya kuacha mita 1.5 iliingia mwishoni mwa 2024, nayo inasema "panapowezekana". Nje ya mji unatakiwa uende mmoja nyuma ya mwenzako, na usiku nje ya mji, au ndani ya handaki, lazima uvae kizibao kinachoakisi mwanga. Mahandaki ni jambo la kulitilia maanani: milimani na kando ya maziwa yako mengi, mengine marefu na yenye giza, na taa ya nyuma inapaswa kuwa inafanya kazi hata ukitoka mchana. Sifa moja naitoa bila kusita: dereva wa Italia anamjua mwendesha baiskeli ya mbio. Baba yake au mjomba wake alikuwa mmoja. Anaweza kukupita karibu mno, halafu akakupungia mkono ukiwa unapanda mlima.

Sheria za nchi zote tatu hazimlazimishi mtu mzima kuvaa helmeti kwenye baiskeli ya kawaida. Vaa.

Vilima, upepo, baridi

Uholanzi ni tambarare, lakini tambarare si rahisi. Sehemu ya juu kabisa ya nchi upande wa Ulaya, Vaalserberg, ina mita 322 tu. Mlima wako kule ni upepo. Anayejua kwenda Pangani wakati wa kusi, akipigwa usoni njia nzima na kurudi akisukumwa mgongoni, ana picha kidogo. Tofauti ni kwamba kule hakuna mnazi wala shamba la mkonge la kukukinga, na upepo wenyewe ni wa baridi. Utajifunza kujificha nyuma ya mwenzako na kushika zamu mbele kwa haki, ujuzi ambao hakuna mlima unaoufundisha vizuri hivyo. Ukitaka kupanda, nenda Limburg kusini, ambako vilima vya Cauberg na Keutenberg ni vifupi lakini vikali. Keutenberg hufika asilimia 22.

Ujerumani ina kila kitu, mradi uchague mkoa. Kaskazini kando ya Baltiki ni tambarare yenye mawimbi madogo. Huko ndiko uliko Eckernförde, mji dada wa Tanga, na mtu wa Raskazone atauelewa haraka: bandari, samaki wa kukaushwa kwa moshi, upepo wa bahari. Kusini-magharibi kuna Msitu Mweusi, wenye miinuko mirefu ya wastani ambayo mtu mwenye kazi anaweza kuipanda jioni na kurudi kula. Kusini kabisa kuna Alpi. Ukiambiwa "nenda Ujerumani" bila kutajiwa mji, bado hujaambiwa kitu.

Italia ina milima ambayo dunia nzima ya baiskeli inaijua. Pima kwa kitu tunachokijua: kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona na miteremko mikali kushoto kwako. Stelvio, ukianzia Prato, ni kilomita 24 na kona 48 za kugeuka kabisa, na kileleni uko mita 2,757 juu ya bahari, ambako hata Julai unaweza kukuta theluji kando ya barabara. Juu ya Ziwa Como kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa mahali hapo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli, na ndani zimetundikwa baiskeli za mabingwa wa zamani Coppi, Bartali na Merckx. Muislamu au Mkristo, ukipenda baiskeli utasimama pale kimya kidogo.

Ila usidhani Italia yote ni joto. Miji yenye vyuo na viwanda vingi, Torino, Milano, Padova, Bologna, iko kwenye bonde la mto Po au pembeni yake, na majira ya baridi hapo huja ukungu mzito, hewa chafu, na nyuzi joto zinazokaribia sifuri. Sicily na kusini ndiko unakoweza kuendesha Januari bila kulia.

Giza ndilo linalowashtua watu wetu kuliko baridi. Tanga jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Berlin mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Amsterdam ni saa kumi na nusu, na asubuhi haliji mpaka karibu saa tatu. Mwezi Juni mambo yanageuka: Amsterdam jua huzama saa nne usiku, na unaweza kutoka kazini, ukala, ukaswali, na bado ukawa na saa tatu za mwanga. Italia iko kusini zaidi, hivyo tofauti hizo zinapungua. Kwa hiyo nunua taa nzuri kabla ya gurudumu zuri, na miezi ya Novemba hadi Februari ipange mapema: matembezi mafupi, glovu za kweli, vifuniko vya viatu, au mashine ya kuendeshea ndani.

Watu wa kuendesha nao

Hapa ndipo Ujerumani ilinigusa zaidi. Vilabu vya vijijini na mitaani huandaa matembezi yanayoitwa RTF, karibu kila wikendi ya msimu wa joto, kila mkoa. Si mbio na hakuna anayepima muda. Unalipa euro chache, unachagua umbali, labda 45, 80, 115 au zaidi, unafuata vibao, na njiani kuna vituo ambako wazee wa klabu wamepanga meza: chai, ndizi, keki zilizookwa na wake zao na waume zao. Utaona pia mkate uliopakwa kitu cheupe; mara nyingi ni mafuta ya nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kula. Mgeni asiyejua lugha anafaa sana pale, kwa maana kula ndizi na kupanda kilima pamoja hakuhitaji sarufi. Katikati ya juma vilabu vingi vina matembezi ya baada ya kazi. Hiyo ndiyo Jumatano ninayoisema.

Uholanzi nako vilabu vimejaa, na vingi viko chini ya chama cha NTFU ambacho uanachama wake unakuja na bima. Wamepangwa kwa mwendo: kundi la kilomita 25 kwa saa, la 28, la 32. Wanaposema 28 wanamaanisha 28, na wanaposema saa tatu asubuhi, saa tatu na dakika mbili wameshaondoka. Ukiheshimu hayo mawili umepokelewa. Kila mwaka, Jumatatu ya Pentekoste, kuna safari ya Miji Kumi na Moja ya Friesland: kilomita kama 235 kuanzia na kuishia Bolsward, watu 15,000. Kuna watu wa kijiji kizima barabarani wakipiga muziki, na anayetoka kwenye utamaduni wa ngoma za harusi hatajisikia mgeni hapo.

Italia watu hawaandikishani sana. Wanakutana kwenye baa ileile Jumapili asubuhi, wanakunywa kahawa wamesimama, wanaondoka. Ukitokea wiki tatu mfululizo umekuwa mwenzao; ukikosa ya nne wanakuuliza uliumwa nini. Kwetu watu wa barazani hilo ni jambo la kawaida kabisa. Wastaafu ndio wengi katikati ya wiki, na usiwadharau: mzee wa miaka 70 atakuacha kwenye mlima huku akikueleza namna ya kupika wali.

Ukitaka kushiriki mashindano yao ya raia, kama Nove Colli ya Cesenatico iliyoanza 1971, sheria ni ngumu: lazima uwe na kadi ya chama na cheti cha daktari wa michezo, anayekupima moyo ukiwa unafanya mazoezi, kila mwaka. Wengi hulalamikia gharama. Mimi naona ni jambo jema, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kupimwa moyo hata mara moja.

Makaratasi, nyumba na hela

Kwa mwanafunzi, tofauti ya kwanza ni ada. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini kupata viza unatakiwa kuonyesha fedha kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, kiasi cha euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Italia ada hupangwa kwa kipato cha familia, na mikoa hutoa ufadhili kwa wasio na uwezo, wageni wakiwemo. Familia nyingi za Tanga zinaweza kukidhi vigezo zikikusanya nyaraka mapema na kuzitafsirisha. Uholanzi ada kwa mtu asiye wa Umoja wa Ulaya ni kubwa, kwa hiyo bila ufadhili ni nchi ya mfanyakazi zaidi kuliko ya mwanafunzi. Saa za kufanya kazi nazo hazifanani: mwanafunzi mgeni Uholanzi anaruhusiwa 16 kwa wiki, Italia 20, na Ujerumani huhesabu siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka.

Kwa fundi kuna mlango ambao watu wa Ngamiani wanaofungua baiskeli na kuifunga tena macho yakiwa kwingine wanapaswa kuujua. Ujerumani ufundi wa baiskeli na pikipiki ni mafunzo rasmi ya miaka mitatu na nusu, sehemu darasani, sehemu karakana, na mwanafunzi analipwa kila mwezi. Kijerumani cha kiwango cha B1 ndicho mara nyingi kinachotakiwa, na Dar es Salaam kuna Goethe-Institut ya kuanzia. Ni njia ndefu, lakini mwisho wake una cheti kinachoheshimika na kazi inayohitajika.

Ukishafika, kila nchi ina karatasi yake ya kwanza. Ujerumani unajiandikisha ofisi ya mtaa ndani ya wiki mbili, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba; bila hiyo hufungui benki kwa urahisi wala huna bima iliyokamilika. Uholanzi unajiandikisha manispaa na kupata namba ya utambulisho iitwayo BSN, na hapo kuna mtego: chumba kikiwa rahisi kuliko vingine, uliza kwanza kama unaruhusiwa kujiandikisha kwenye anwani hiyo, kwani baadhi ya wapangishaji hukataa. Italia una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kukaa, bahasha inapelekwa posta, unapewa risiti, kisha unaitwa polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi. Hiyo risiti itunze kama pasipoti.

Bima ya afya hakuna pa kuikwepa. Uholanzi, ukianza kazi, lazima ulipie bima ya msingi, na kabla haijalipa matibabu mengi unatoa kwanza euro 385 za mwaka kutoka mfukoni. Kumwona daktari wa familia hakumo katika hesabu hiyo. Ujerumani bima ya umma hukatwa kwenye mshahara. Italia mwanafunzi hulipia uandikishaji wa hiari kwenye huduma ya taifa, euro 700 kwa mwaka tangu 2024. Ongeza bima ndogo ya kulipia hasara unayomsababishia mtu mwingine. Ujerumani na Uholanzi karibu kila familia inayo, ni nafuu, na siku ukikwaruza mlango wa gari la mtu kwa pedeli utajua kwa nini.

Nyumba ni tabu Uholanzi kuliko kwingine. Uhaba ni wa nchi nzima, na ngazi za nyumba za zamani ni nyembamba na zimesimama wima, hivyo kubeba baiskeli hadi ghorofa ya tatu ni mazoezi tosha. Ujerumani, majengo mengi yana chumba chini ya ardhi cha kila mpangaji, na baiskeli inalala huko. Italia inategemea jengo: pengine kuna ua, pengine majirani hawataki kuona tairi kwenye korido, na baiskeli inaishia balkoni.

Baiskeli iliyotumika ndiyo ya kuanzia. Kwa euro 300 hadi 600 unapata ya alumini yenye gia nzuri; soko liko Marktplaats kwa Uholanzi, Kleinanzeigen kwa Ujerumani, Subito kwa Italia. Usinunue ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu wa mtaani Amsterdam. Kununua mali ya wizi ni kosa, na wizi wa baiskeli huko ni wa kila siku. Fundi ni ghali nchi zote, na anayejua kuziba pancha na kunyoosha rimu ameshaokoa hela nyingi. Ziko karakana za kujitegemea ambako unakopeshwa spana na kuelekezwa, na wengi wetu tumepata marafiki huko kabla ya kupata kazini.

Siku ya kawaida

Lugha: Uholanzi Kiingereza kinakubeba karibu kila mahali, kwa hiyo mwanzo ni mwepesi, lakini kwa sababu hiyohiyo watu hukaa miaka bila kuingia ndani ya jamii. Ujerumani ofisi inasema Kijerumani na barua zinakuja kwa Kijerumani. Italia bila Kiitaliano huendi mbali, ila wanakufundisha kwa mikono na moyo, na anayejua Kiswahili ana nafuu ndogo: maneno yao mengi yanaishia na irabu kama yetu.

Swala na chakula: Ujerumani na Uholanzi misikiti ni mingi, na maduka ya Waturuki na Wamoroko yana nyama ya halali, bamia, hata mihogo kwenye miji mikubwa. Italia misikiti rasmi ni michache na watu wengi huswali kwenye kumbi za vituo vya kitamaduni. Nyama ya halali inapatikana mijini, vijijini ni shida. Ramadhani kwa miaka hii inaangukia majira ya baridi, mchana ni mfupi, na kufunga ni kwepesi kuliko Tanga. Miaka ikisogea itarudi kiangazi, na hapo kufunga Hamburg hadi saa nne usiku ni jambo lingine. Wakati huo endesha baada ya futari au alfajiri, na mwambie kiongozi wa kundi mapema. Nilivyoona mimi, wanaheshimu.

Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa. Nunua ndizi Jumamosi.

Na Ubelgiji?

Anayependa historia ya mbio kuliko vyote atazame Flanders. Mbio za Ronde van Vlaanderen zilianza 1913, na siku moja kabla ya waendeshaji wa kulipwa, raia hupita vilima vilevile vya mawe, Koppenberg na Oude Kwaremont. Mfumo wa njia panda zenye namba, unaomruhusu mtu kupanga safari kwa kuandika namba tu kwenye karatasi, ulianzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, ukabuniwa na mhandisi wa migodi, Hugo Bollen, na Waholanzi wakauchukua. Waajiri hulipa posho kwa kila kilomita unayokuja kazini kwa baiskeli. Mvua na mawe yanayotikisa meno ndiyo bei yake.

Kulingana na hali yako

Unakwenda na familia, una mkataba wa kazi, na unataka mwanao naye aende shule kwa baiskeli bila wewe kushika roho mkononi: Uholanzi inakufaa. Kubali tambarare, tafuta nyumba miezi mingi kabla, na usisaini chumba kisichokubali usajili.

Wewe ni nesi, fundi, au kijana anayetaka kupata ujuzi huku akilipwa: Ujerumani. Anza Kijerumani sasa, ukiwa bado Tanga, kwa sababu kila mlango kule unafunguliwa na lugha. Na ukipewa kuchagua mji, mji mdogo wenye klabu unaweza kukufaa kuliko mji mkuu.

Mwanafunzi mwenye alama nzuri na familia isiyo na fedha: linganisha ufadhili wa mikoa ya Italia na akaunti iliyofungwa ya Ujerumani kabla ya kitu kingine. Kwa wengi, Italia ndiyo inayowezekana. Utavumilia foleni za kibali na magari yanayopita karibu, na utapata milima ambayo wenzako watailipia likizo.

Kama wewe ni mpandaji kwelikweli, mtu anayekwenda Lushoto kwa kupenda, Italia kaskazini-mashariki au Ujerumani kusini zote zitakushibisha. Tofauti yao itakuwa kwenye makaratasi na lugha, si kwenye mlima.

Kama baridi inakuumiza mifupa au una pumu, epuka bonde la Po wakati wa baridi hata kama chuo ni kizuri. Uliza kuhusu Catania, Palermo au Bari.

Dada zetu wananiuliza kuhusu kuendesha na hijabu. Wapo wanaoendesha na kofia nyembamba chini ya helmeti na mikono mirefu, na Uholanzi na Ujerumani kuna vilabu na makundi ya wanawake peke yao ambayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Italia makundi ya Jumapili ni ya wanaume zaidi, ingawa hali inabadilika.

Na kama barua ya chuo au kazi imeshakuja na nchi si wewe uliyeichagua, tumia vigezo hivihivi kuchagua mtaa. Fungua ramani, tafuta chumba upande wa mji unaotoka haraka kuelekea mashambani, angalia klabu ya karibu inakutana siku gani, kisha waandikie kabla hujapanda ndege. Watakujibu.